Shangazi, je, mimi ni teja wa mkate?

Shikamoo Shangazi,

Nina jambo ambalo kila nikitaka kulisema naona aibu. Wapo watu waliozama kwenye pombe na bangi, na mimi kinachonishinda ni mkate.

Nina miaka 41, ni baba wa watoto watatu, na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Mwili umekuwa ukiongezeka polepole tangu nioe, na sasa kitambi hakifichiki hata kwa shati pana. Mwanzoni mwa mwaka mwenzangu wa kazini alinishawishi niache wanga. Alisema mafuta hayana neno, kinachonenepesha ni wanga peke yake, na kwamba mkate na wali humteka mtu ubongo sawasawa na dawa za kulevya. Nikaacha vyote kwa mkupuo mmoja: mkate, wali, viazi, tambi, maharage, hata matunda, kwa kuwa aliniambia sukari ni sukari tu.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu. Nikamtangazia kila mtu. Baada ya hapo mizani ikagoma na usiku ukageuka vita. Mchana najikaza: asubuhi kahawa tupu, mchana mayai mawili au sili kabisa, jioni nyama kidogo na mboga za majani. Ikifika saa nne au saa tano usiku, wengine wamelala, najikuta jikoni. Nakula mkate kwa siagi na jamu, silesi baada ya silesi, nikimaliza nahamia kwenye biskuti za watoto, kisha keki kama imebaki. Nakula nimesimama, upesi upesi, sikio liko mlangoni. Tumbo limejaa na mkono bado unakwenda. Asubuhi naapa tena.

Mke wangu alijua siku watoto walipolilia biskuti zao. Yeye anasema sina nidhamu, basi. Mwenzangu wa kazini anasema hiyo ni arosto, mwili unadai wanga uliouzoea, nivumilie itapita. Haijapita. Kilo zote tatu zimerudi na nyingine juu yake.

Kisukari sina, nilipima. Nataka kujua mambo mawili. Ni kweli mimi ni mraibu wa wanga? Na je, wanga ndio ulioninenepesha? Kama jibu ni ndiyo, niambie tu niuache maisha, nijue moja.

Mla Usiku

*

Marahaba mwanangu.

Pale kwenye biskuti za watoto nimecheka, sikufichi. Kwingine kote nimekuonea huruma, kwa sababu umejitesa kwa muda mrefu kwa kufuata ushauri ambao nusu yake si kweli.

Hebu isome tena orodha yako ya usiku. Mkate kwa siagi na jamu. Biskuti. Keki. Sasa niambie, wali wa jioni haukuwa umebaki? Viazi havikuwamo ndani? Nyumba yenye watoto watatu haikosi vitu hivyo. Mbona hukuchemsha viazi ukavila vitupu? Mlevi akikosa bia hunywa chochote chenye pombe, hata kile kinachomchoma koo. Wewe ungekuwa mraibu wa wanga, ungeshambulia wali uliopoa, bila mchuzi, maana wanga umejaa humo. Hukuugusa. Mkono wako ulikuwa unajua unachokitafuta: unga uliokobolewa, uliotiwa sukari, ukakandwa au kupakwa mafuta.

Watafiti wameliona hilo pia. Mwaka 2009 Ashley Gearhardt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitunga dodoso la kupima ulaji unaofanana na uraibu. Mwaka 2015, yeye na wenzake wengine walichapisha utafiti uliowauliza watu kuhusu vyakula 35, ni vipi vinawashinda kujizuia. Vilivyoongoza ni piza, chokoleti, krispi, biskuti na aiskrimu. Mkiani vilikuwa matango, karoti na maharage. Maharage, mwanangu! Yana wanga tele, na wewe uliyafukuza nyumbani pamoja na keki kana kwamba ni ndugu moja.

Kuna jaribio jingine la mwaka 2018, nalo la Yale, lililoongozwa na Dana Small. Watu wenye njaa walipewa nafasi ya kutaja bei ambayo wako tayari kulipia vitafunio mbalimbali: vingine vya mafuta, vingine vya wanga, vingine vya vyote viwili pamoja. Kalori zilikuwa sawa, na wenyewe walisema wanavipenda kwa kiwango kilekile. Hata hivyo, vile vilivyochanganya mafuta na wanga walivitajia bei kubwa zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha na zawadi iliamka zaidi kuliko kwa mafuta peke yake au wanga peke yake. Mchanganyiko huo ni nadra katika vyakula vya asili. Maziwa ya mama ni mmojawapo wa michache, na hakuna anayeshangaa mtoto akiyalilia. Viwandani ndiko mchanganyiko huo ulikogeuzwa kuwa kitu cha kila rafu.

Je, huo ni uraibu? Wataalamu hawajakubaliana. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano lililotoka mwaka 2013, hautambui uraibu wa chakula, sembuse wa wanga. Gearhardt na wenzake wanasema vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vya viwandani kama biskuti na krispi, vinastahili kuwekwa kundi moja na tumbaku, na kwamba kwa kipimo chao takriban watu wazima 14 kati ya 100 wanaonyesha dalili. Wapinzani wao wanajibu kwamba hakuna kemikali moja ndani ya biskuti unayoweza kuinyooshea kidole, kama vile nikotini ilivyo ndani ya sigara. Ukinibana nichague upande, nitakwambia hivi: hamu yako ni ya kweli na haitokani na udhaifu wa tabia, lakini jina la uraibu limekuponza. Mtu akishaamini ni mraibu, dawa anayoiona ni kuacha moja kwa moja. Na huko kuacha moja kwa moja ndiko kunakokupeleka jikoni usiku.

Tuje kwenye mchana wako sasa, maana barua yako imeupita haraka mno. Kahawa tupu. Mayai mawili, au sili kabisa. Nyama kidogo na majani. Huo si mlo wa mwanamume wa miaka 41; hata mwanao wa shule angelala na njaa. Kisha unashangaa saa nne usiku mwili unadai.

Wanaosema wanga ni sawa na dawa za kulevya hupenda kutaja panya wa maabara ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Ni kweli, Bartley Hoebel na Nicole Avena walionyesha kwamba panya waliopewa maji ya sukari walianza kuyabugia kupita kiasi, na wakiyakosa walionyesha dalili za arosto. Kinachoachwa katika simulizi hiyo ni ratiba. Panya hao walikuwa wakinyimwa chakula saa 12 kila siku, ndipo wanaletewa sukari. Wenzao waliowekewa sukari ileile mchana na usiku, bila kufungishwa, hawakufikia hali hiyo. Ratiba unayoifuata wewe ni ya kundi la kwanza, tena umejipangia mwenyewe.

Kama panya hawakushawishi, wapo binadamu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili, na kwa muda wa miezi sita hivi akawapunguzia chakula hadi karibu nusu ya kile walichozoea. Walichokuwa wakila zaidi ni mkate, viazi na makaroni, yaani wanga mtupu. Vijana ambao awali hawakujali kabisa mambo ya jikoni walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Walilamba sahani. Waliota chakula. Walioshindwa kuvumilia waliiba na kula kwa siri, kisha wakajilaumu vikali. Na jaribio lilipokwisha, wengine walikula hadi kuugua, na bado wakasema hawajashiba. Kama wanga ndio ungekuwa unaleta uraibu, hawa waliokuwa wakiula kila siku wangeridhika nao. Kilichowasumbua ni njaa, na njaa haiishi siku unayorudishiwa sahani; huendelea kudai deni lake kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo mkeo, mkwe wangu huyo anayesema huna nidhamu, nampa salamu lakini sikubaliani naye. Mtu anayekaa na kahawa tupu hadi saa saba mchana ana nidhamu ya kuzidi. Ameiweka pasipostahili.

Swali lako la pili ni la unene, na hapo nianze na zile kilo tatu, kwa sababu ndizo zilizokuaminisha. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika ndani ya siku chache na maji yake yanaenda chooni. Hesabu mwenyewe: nusu kilo na maji yake kilo moja na nusu, hizo ni kilo mbili ambazo mizani inazisoma lakini kitambi hakizijui. Uliporudi kwenye mkate, maji yalirudi pia. Ndiyo maana ulipanda ghafla ukadhani mkate mmoja umekunenepesha.

Wapo wanasayansi wa heshima, David Ludwig wa Boston akiwemo, wanaosema wanga unanenepesha kwa njia yake maalumu: unapandisha insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, nayo insulini inafungia mafuta ndani ya seli, mwili unabaki na njaa, unakula zaidi. Nadharia hiyo inaeleweka vizuri, tena inavutia. Shida ni ilipopimwa. Mwaka 2021 Kevin Hall, wakati huo akiwa mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alichapisha jaribio la watu 20 waliokaa ndani ya kituo chake. Kwa wiki mbili kila mmoja alikula vyakula vya mimea vyenye mafuta kidogo, wanga ukiwa robo tatu ya nishati yote. Kwa wiki mbili nyingine alikula vyakula vya wanyama vyenye mafuta mengi na wanga kidogo sana. Kila mtu alikula hadi aliporidhika. Kwenye wanga mwingi insulini ilipanda, kama ilivyotabiriwa. Lakini watu walikula takriban kilokalori 700 pungufu kwa siku kuliko kwenye mafuta mengi, na hawakulalamika njaa zaidi.

Hall huyohuyo, mwaka 2019, alikuwa amefanya jaribio ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokuhusu zaidi. Watu 20 tena, wiki mbili vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida. Sahani zilizowekwa mezani zilipangwa zilingane kwa wanga, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale anachotaka. Kwenye vile vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku, tena kwa kasi zaidi, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vya kawaida wakapungua karibu kiasi hichohicho. Wanga uliopakuliwa ulikuwa uleule.

Angalia kiazi. Gramu 100 zikichemshwa zina kilokalori 90 hivi. Zikiwa chipsi ni zaidi ya 300. Gramu 100 za krispi ni zaidi ya 500, na hizo mtu huzimaliza huku anaongea. Kilichoongezeka hapo ni mafuta, ambayo yana kilokalori tisa kwa gramu dhidi ya nne za wanga, na maji yametoka. Huko Sydney, Susanna Holt alipima mwaka 1995 vyakula 38 kwa jinsi vinavyoshibisha, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori sawa. Mkate mweupe aliupa alama 100. Kruasani, mkate ule uliojaa siagi, ulipata 47 na kuwa wa mwisho. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikaongoza vyote, nyama na mayai vikiwa nyuma yao. Na wewe umeviacha ili upungue!

Hayo hayamaanishi mwenzako wa kazini ni mwongo. Kuna watu wanaopungua vizuri kwa kupunguza wanga. Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifuatilia watu 609 kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza mafuta, nusu wakipunguza wanga, wote wakihimizwa waachane na sukari na unga uliokobolewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: wastani wa kilo 5.3 kwa wa kwanza, 6.0 kwa wa pili, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Ndani ya kila kundi, wapo waliopungua zaidi ya kilo 20 na wapo walioongezeka. Kama yeye anakaa vizuri na njia yake, aendelee. Wewe umeshaona haikukai.

Nataka ufanye nini? Kwanza kula asubuhi, chakula cha kutafuna. Uji wa nafaka isiyokobolewa au mkate wa ngano nzima, pamoja na yai au maziwa. Mchana rudisha viazi, wali au maharage, sehemu kama robo ya sahani, robo nyingine iwe nyama, samaki au jamii ya kunde, na nusu iliyobaki mboga. Jioni vilevile, mezani, na mkeo na watoto. Maharage yarudi haraka kuliko vyote, maana yana protini na nyuzinyuzi kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku; kwa mlo uliokuwa unakula sidhani ulikuwa unafika hata nusu. Tunda zima rudi nalo bila hofu. Shirika hilohilo linapoonya kuhusu sukari haliihesabu ile iliyo ndani ya tunda zima. Linahesabu ile unayotia, ile ya asali, na ile ya juisi, hata juisi ya kukamua mwenyewe. Hapo ndipo pa kubana, pamoja na soda kama unakunywa. Hukuzitaja na mimi sina macho ya kuona huko.

Wiki ya kwanza ya kula hivi mizani itapanda kilo moja au mbili. Nimeshakueleza ni nini. Usipime hadi mwezi upite, la sivyo utaogopa na kurudia kahawa tupu.

Biskuti na keki sikuambii uziape. Kula ukiwa umeshiba, mchana, umekaa, kwenye sahani, watu wakikuona. Kwa sasa, zisiwepo nyingi ndani, hadi usiku wako utulie. Nguvu yao usiidharau. Hata mtu aliyeshiba vizuri hupata nafasi ya keki. Tofauti ni kwamba aliyeshiba hula kipande akaondoka.

Usitegemee kitambi kiondoke kwa kasi ya zile kilo tatu. Uzito ulioingia taratibu tangu harusi hutoka taratibu. Tembea, maana kazi yako ni ya kiti, na lala mapema. Anayekesha hula zaidi, na wewe unapokuwa macho saa tano uko hatua chache tu kutoka kabatini.

Sasa lipo moja ambalo halisubiri. Kula kiasi kikubwa kwa muda mfupi, ukihisi huwezi kusimama, kwa siri, kisha kujichukia: kama hali hiyo inatokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, madaktari wana jina lake, ni tatizo la ulaji wa kupindukia, na mwongozo uleule usiotambua uraibu wa chakula unalitambua hili waziwazi. Linatibika, hasa kwa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Ukila vizuri mchana kwa wiki sita au nane na usiku bado haukuachii, nenda hospitali na umweleze daktari habari za jikoni kama ulivyonieleza mimi, bila kupunguza silesi. Ukimwambia tu kwamba umenenepa, atakupa karatasi ya kupunguza chakula na mtarudi palepale.

Na wengine mnaosoma hapa mkiwa na kisukari na mnatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, msiongeze wala msipunguze wanga kwa kufuata barua ya mtu asiye na kisukari. Dawa na sahani hupangwa pamoja, na daktari wenu.